Jalada Lililokatwa Pembe

Saa tatu na dakika tano asubuhi Sajini alikuwa wa nne kwenye foleni ya masjala ya mahakama, na karatasi iliyokuwa mkononi mwake haikuwa na kichwa.

Karatasi hiyo ililetwa kwake jana alasiri na mwanamke mwoka mikate, mjane wa mwaka wa pili, mwenye jengo la tanuri nyuma ya stendi. Sajini alikuwa amestaafu polisi miaka minne, lakini hakuna aliyeacha kumwita Sajini, wala hakuna aliyeacha kumletea mashaka yake.

"Dada, kaniletea shemeji yangu, mdogo wake marehemu," mwoka mikate alisema. "Anasema mume wangu alitangazwa na mahakama kuwa amefilisika, miaka tisa iliyopita. Anasema jengo si letu, ni la wadai. Kesho saa nane mchana anakuja na dalali. Mimi nimeishi na yule mtu miaka kumi na tisa. Afilisike nisijue?"

"Ukitolewa pale?"

"Mashine ya kukandia nitaibeba. Tanuri nitalibebaje? Alilijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Sina kazi nyingine ninayoijua, na watoto watatu wanasoma kwa mikate ile."

Sajini aliisoma karatasi mara mbili. Ilikuwa nakala ya mashine. Ilianza katikati ya habari: *imeamriwa kwamba mdaiwa aliyetajwa hapo juu ni mufilisi, na mali yake yote iwe chini ya uangalizi.* Muhuri upo. Saini ya hakimu ipo. Tarehe ipo. Ila hapo juu penyewe hapakuwapo. Mtu aliweka rula, akapitisha wembe, akaondoa namba ya kesi na majina ya wahusika.

Ama hati ilikuwa ya kughushi, ama ilikuwa ya kweli na kulikuwa na neno pale juu ambalo mtu hakutaka lisomwe. Jibu la lile na la hili lilikuwa mahali pamoja, nyuma ya dirisha lile la masjala.

"Anayefuata! Namba ya kesi, mama?" Karani alikuwa mwanamume mnene mwenye sweta ya kijani, na kikombe cha chai kilichopoa kando ya kompyuta.

"Sina namba."

"Bila namba hakuna kesi, mama yangu."

"Kesi ipo. Namba ndiyo iliyokimbia."

Waliokuwa nyuma wakacheka. Karani naye akatabasamu nusu, akanyoosha vidole juu ya kompyuta. "Haya, nipe jina la mdaiwa."

Sajini akalitaja jina la marehemu. Karani akaandika, akasubiri, akatikisa kichwa. "Hayumo."

"Kompyuta yako inaanzia lini?"

"Miaka mitano nyuma. Kabla ya hapo ni madaftari."

"Basi haijasema hayumo. Imesema haijui."

Karani akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe mama ulikuwa polisi."

"Miaka ishirini na sita. Nipe fomu ya upekuzi."

Alijaza fomu kwa herufi kubwa, akaenda dirisha la malipo, akarudi na stakabadhi, na karani akamfungulia mlango wa pembeni. Chumba cha madaftari kilikuwa kirefu na chembamba, rafu hadi darini, ngazi moja yenye mguu uliofungwa waya. Harufu ilikuwa ya vumbi na gundi. Sajini alisema bismillahi kimoyomoyo, akakunja mikono ya gauni.

"Mwaka wa tarehe yako ni rafu hii," karani alisema. "Madai, Mirathi, Ndoa, Maombi."

"Na Kufilisika?"

Karani akapitisha kidole kwenye migongo ya madaftari, akarudia. "Mimi hapa nina miezi minane tu. Labda mwaka ule hakuna aliyefilisika. Labda watu walikuwa na hela."

"Mwaka gani huo watu walikuwa na hela, na mimi nilikuwa wapi?"

Alianza na Madai, kwa kuwa mtu hafilisiki kwa siku moja, kwanza hudaiwa. Alipitisha kidole kwenye safu ya wadaiwa, ukurasa baada ya ukurasa, na kwenye ukurasa wa thelathini na nane kidole kikasimama. Jina la marehemu, lote. Aliyemshitaki alikuwa mwenye duka la unga.

"Umempata!" karani alisema, akasogea kwa shauku ya mtu ambaye kazi yake ya kila siku haina msisimko. "Si ndiyo hii?"

Sajini alifuata mstari hadi safu ya mwisho. *Imeondolewa. Wamepatana.* Akaiweka karatasi ya wembe kando ya tarehe.

"Siyo. Hii ilikufa miezi miwili kabla hati yetu haijazaliwa. Mwenye unga alilipwa, au alikubali kungoja. Mtu mwingine ndiye hakungoja."

Saa tano ilikuwa imeshapita. Karani alirudi dirishani kwake kuhudumia foleni. Sajini akabaki na rafu.

Hakugusa kitu kwa muda. Aliyatazama yale madaftari manne kama alivyokuwa akiwatazama watuhumiwa wanne waliopangwa ukutani. Daftari hufunguliwa kwa pembe ya chini. Kila karani hulamba kidole na kugeuza ukurasa palepale, kwa hiyo baada ya miaka pembe ya chini huwa nyeusi. Madai lilikuwa jeusi chini. Ndoa, chini. Maombi, chini kabisa, kama limepikwa.

Daftari la Mirathi lilikuwa jeusi chini, na jeusi juu pia.

Akalitoa. Nani hufungua daftari kwa pembe ya juu? Hakuna. Isipokuwa mtu anayelishika juu chini.

Sajini alilipindua, miguu juu, kichwa chini, jalada la nyuma likawa la mbele. Akafungua ukurasa wa kwanza. Mwandiko mdogo, wa mtu makini, ulioinamia kulia: *Mashauri ya Kufilisika.*

"Karani! Njoo hapa!"

Karani alikuja mbio, na kalamu mdomoni. Akatazama daftari, akalipindua upande mmoja, akalipindua wa pili. "Yesu wangu. Nyuma ya Mirathi?"

"Aliyekuwa kabla yako alikuwa bahili?"

"Babu yule! Alikuwa akikata bahasha za zamani kufanya karatasi za kumbukumbu. Alisema kesi mbili kwa mwaka haziwezi kula daftari zima." Karani akajipiga paji la uso. "Mama, kuna watu wamekuja hapa miezi hii yote, nawaambia hakuna rekodi."

"Utawatafuta baadaye. Sasa shika tochi."

Kesi zilikuwa kumi na moja, za miaka sita. Ya saba ilikuwa na tarehe yao. Safu ya mdaiwa: jina la marehemu, herufi kwa herufi. Namba ya kesi, hakimu, amri. Kila kitu kilikubaliana na karatasi ya wembe. Hati ilikuwa ya kweli.

Sajini aliusoma mstari tena. Habari hiyo haikuwa nzuri hata kidogo.

Kisha akasogeza kidole kushoto, kwenye safu ya mdai, yule aliyeiomba mahakama imtangaze mwenzake kuwa amefilisika. Jina la ukoo lilikuwa lilelile la marehemu. Jina la kwanza alilisikia jana alasiri, mara tano au sita, kinywani mwa mwoka mikate.

Shemeji.

Simu yake ikaanza kutetemeka mfukoni.

"Dada, wamekuja mapema!" Sauti ya mwoka mikate ilikuwa juu. "Shemeji yuko na dalali, lori na vijana sita. Anasema tusiaibishane, nitie saini tu kwamba nakabidhi kwa hiari, atanitafutia chumba."

"Geti limefungwa?"

"Nimelifunga. Nawauzia watu mikate dirishani kama kawaida."

"Endelea kuuza. Usitie saini hata kwenye stakabadhi ya mkate. Muulize dalali hati yake inasema nini kuhusu saa."

"Saa nane."

"Basi hadi saa nane wewe uko kwako."

"Dada, niambie. Karatasi ni ya kweli au ya uongo?"

Sajini aliitazama safu ya mdai. "Ni ya kweli, mdogo wangu. Lakini sijamaliza kusoma."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mteja akidai chenji. Simu ikakatika. Ilikuwa saa sita na robo.

"Nataka jalada lenyewe," Sajini alimwambia karani.

"La miaka tisa? Liko ghala. Ijumaa saa saba tunafunga, mama, na wikendi..."

"Kuna mjane na watoto watatu nje ya geti saa nane."

Karani alikwaruza shingo. "Ghala lina panya."

"Panya hawana namba ya kesi. Twende."

Ghala lilikuwa chini ya ngazi za nyuma. Majalada yalipangwa kwa namba, na babu yule bahili alikuwa bahili wa karatasi tu, mpangilio wake ulikuwa safi kama wa duka la dawa. Karani alipanda, akavuta, akapiga chafya, akashuka na jalada jembamba la rangi ya kahawia. Sajini alilipokea na kulisogeza kwenye mwanga wa mlango.

Pembe yake ya juu ilikuwa imekatwa. Mkasi mmoja, mshazari, safi.

"Hii imeliwa?"

"Aa, hiyo ni sisi. Jalada likikwisha tunalikata pembe, lisije likarudishwa kwa bahati mbaya kati ya kesi zinazoendelea. Hata mimi nakata."

"Likikwisha? Limekwisha kwa maana gani?"

"Limekwisha, mama. Hakuna tena cha kufanya juu yake."

Sajini alifunua karatasi kwa haraka lakini bila kuruka. Ombi la mdai. Kiapo cha mdai. Wito. Amri ya kutangazwa mufilisi, ileile, safari hii na kichwa chake. Baada ya amri, hakuna kitu. Hakuna orodha ya mali zilizouzwa, hakuna mgao, hakuna ripoti ya msimamizi.

"Niambie wewe mwenye kazi yako. Mtu akitangazwa amefilisika, jalada lake linakwishaje?"

"Njia mbili. Ama mali zimeuzwa, wadai wakagawana. Ama amelipa deni lote, mahakama ikaitengua amri."

"Zingeuzwa kungekuwa na karatasi ya mauzo humu?"

"Lazima."

"Haimo. Na jengo bado limesimama. Basi amri ya kutengua iko wapi?"

Macho ya karani yakang'aa. "Maombi! Siku hizo ombi la kutengua lilipewa namba yake, kama jambo jipya. Halikuwekwa humu. Lakini mama, mwaka gani? Maombi ni mia tatu kwa mwaka."

Sajini alikuwa ameshalipindua jalada. Ndani ya jalada la nyuma palikuwa na jedwali dogo la safari zake: limetoka kwa nani, limekwenda kwa nani, tarehe, saini. Mstari wa mwisho ulisema limepelekwa kwa hakimu, na pembeni, kwa ule mwandiko wa kuinama kulia, *kwa ajili ya ombi*. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu baada ya amri.

"Hapa. Mwezi huu. Wiki hii."

Walipanda ngazi kama watu wanaokimbizwa. Daftari la Maombi la mwaka huo, mwezi wa tisa, maombi ishirini na mawili. Lao lilikuwa la kumi na tisa. Karani hakusubiri kuambiwa. Alirudi ghalani peke yake, na Sajini alisikia ngazi ikilia, chafya tatu, kisha kelele ya ushindi kama ya mtu aliyeona goli.

Lilikuwa na karatasi nne tu. Sajini aliisoma ya tatu akiwa amesimama. Akaisoma tena. Alhamdulillah, akasema, kwa sauti safari hii.

"Nataka nakala ya hii na ya amri, zithibitishwe kwa muhuri."

"Muhuri ni wa msajili. Na msajili..." Karani alichungulia dirishani. Chini uani, mwanamume mwenye koti alikuwa anafungua mlango wa gari. Karani alitoa kichwa nje kwa urefu wote wa shingo yake. "Mheshimiwa! Mheshimiwa, dakika mbili! Ni la mjane!"

Saa saba na dakika arobaini Sajini alikuwa nyuma ya pikipiki, bahasha imebanwa kifuani kwa mikono miwili.

Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya geti. Vijana sita walikaa juu ya bodi wakila mikate ileile waliyokuja kuitoa. Dirishani foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, maana watu walikuwa wamesikia. Dalali, mtu mwembamba mwenye faili chini ya kwapa, alikuwa anatazama saa. Kando yake alisimama shemeji, mwenye duka la vioo, amevaa suti ya kijivu kama anakwenda kupokea zawadi.

"Ndiye huyu wakili wako?" alimuuliza mwoka mikate, aliyekuwa ndani ya geti, unga hadi viwikoni.

"Mimi si wakili," Sajini alisema. "Nina maswali mawili, kisha mtafanya kazi yenu. Bwana dalali, utusikilize?"

"Zimebaki dakika nane. Uliza."

"Shemeji, hati hii uliipata wapi?"

"Kwenye makaratasi ya marehemu kaka. Juzi juzi tu. Nilishtuka kama huyu alivyoshtuka."

"Kabla ya juzi hukujua kulikuwa na kesi?"

"Ningejulia wapi? Mimi na vioo vyangu, mahakama nazipita kwa mbali. Ila sheria ni sheria, mama. Wadai wa watu wana haki yao, na mimi kama ndugu ndiye nimejitolea kusimamia."

"Wadai gani?"

"Hao wadai."

"Hayo ni maswali matatu," dalali alisema.

"Hili la tatu nilipewa bure." Sajini alifungua bahasha, akampa dalali karatasi ya kwanza. "Hii ndiyo hati yako, na kichwa chake. Soma mdai ni nani. Alikuwa mmoja tu."

Dalali alisoma. Akamtazama shemeji. Akasoma tena.

"Majina hufanana," shemeji alisema upesi.

"Hufanana," Sajini alikubali. "Namba ya kitambulisho haifanani kwa watu wawili. Iko mstari wa nne. Bwana dalali, unayo nakala ya kitambulisho cha mteja wako kwenye faili lako, ulinganishe."

Dalali alilinganisha, tarakimu kwa tarakimu, midomo ikichezacheza. Vijana juu ya lori waliacha kutafuna.

"Na hii ni ya miaka mitatu baadaye." Sajini alimpa ya pili. "Amri ya kutengua. Mali yote imerudi kwa mwenyewe. Chini yake ni tamko la mdai, na saini yake, na dole gumba lake."

Dalali aliisoma yote, akaikunja vizuri, akairudisha kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia shemeji.

"Mimi nina leseni, bwana. Leseni yangu ndiyo mke wangu na watoto wangu. Umenileta kutoa watu kwa hati iliyokufa, na wewe mwenyewe ulikuwepo inakufa?" Akapiga mkono kwenye bodi ya lori. "Shukeni, hapana, kaeni. Tunaondoka. Gharama ya lori, bwana, nitaileta dukani kwako."

Lori likanguruma, likarudi nyuma, likaondoka na vumbi lake. Shemeji akabaki na suti yake mbele ya geti. Foleni ya mikate haikusogea. Hakuna aliyekuwa ananunua tena.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, kwa mwoka mikate, "fungua tuongee ndani. Watu wanatazama. Haya ni ya ukoo."

Mwoka mikate hakufungua. Alikuwa anamtazama Sajini.

"Mume wangu alimlipaje, dada?"

"Kila mwisho wa mwezi. Miezi thelathini na sita. Imeandikwa."

"Mwisho wa mwezi." Alijifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Miaka ile mume wangu alikuwa anakupelekea bahasha. Nilimuuliza ni ya nini. Aliniambia mdogo wangu amekwama, namsaidia karo ya watoto wake. Akanikataza nisikutajie, usije ukaona haya. Nikawa naongeza mikate juu ya bahasha. Kila mwezi, shemeji, na ya maziwa nilikuwekea."

Shemeji alitazama chini.

"Kumbe ulikuwa unampeleka mahakamani, na yeye anakutunzia heshima yako kwangu. Akafa nayo." Sauti yake haikupanda. "Yeye alikuwa kaka yako, alikuwa na sababu ya kukuficha. Mimi sina."

"Shemeji, nakuomba..."

"Dada, yale maneno aliyotia saini. Nisomee. Simama hapo karibu na dirisha, na wale wa mwisho wa foleni wasikie."

Shemeji akageuka, akaanza kuondoka kwa hatua za haraka, lakini barabara yote ilikuwa foleni, na foleni haikumpisha upesi. Sajini akavaa miwani.

"*Mimi mdai,*" akasoma, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia kwenye gwaride, "*nimelipwa na kaka yangu deni langu lote, sina dai lolote juu yake, wala juu ya jengo lake, wala juu ya mkewe, wala juu ya watoto wake.*"

"Tena," alisema mwoka mikate. "Polepole."